Mara ya Nne

Kwa miezi tisa Hizkiyo mshona viatu alimwitikia amina Nison kinyozi kila asubuhi, na kwa miezi hiyo tisa hakumpa hata salamu.

Si kwamba alikuwa na nyuso mbili. Mtaa wao wa Bukhara ulikuwa umebakiwa na wanaume kumi tu wa Kiyahudi wenye miguu ya kuwafikisha sinagogi. Wengine walishahama, nyumba kwa nyumba, huyu Israeli, yule New York, wakaacha milango iliyofungwa kwa minyororo na miforosadi inayomwaga matunda yake uani bila mlaji. Na sala ya pamoja haisaliwi na watu tisa. Nison asipokuja, hakuna sala. Hizkiyo asipokuja, hakuna sala. Kwa hiyo walikuja wote wawili, wakasimama mmoja ukuta huu na mwingine ukuta ule, na mmoja alipotamka baraka, mwenzake alijibu amina, maana amina ni ya Mungu, si ya kinyozi.

Amnun, mtunza sinagogi, ndiye aliyekuwa akiwahesabu. Kwao watu hawahesabiwi moja, mbili, tatu, kama kondoo wa kwenda sokoni. Kuna aya ya maneno kumi, na kila mtu hunyoshewa kidole kwa neno lake. Nison alikuwa na tabia ya kufagia kinyozini kwake kwanza ndipo aje, kwa hiyo alikuwa wa mwisho siku zote, na neno la mwisho la aya ile ni milele.

"Milele kafika," Amnun alikuwa akisema. "Tuanze, chai yangu inapoa."

Kabla ya miezi hiyo tisa kulikuwa na miaka arobaini. Hizkiyo na Nison walikuwa havruta, yaani wenzi wa kusoma, na mwenzi wa kusoma si rafiki tu. Rafiki unaweza kumkubalia mambo ili siku ipite. Mwenzi wa kusoma kazi yake ni kukukatalia. Mmoja anasoma mstari wa sheria na kuueleza, mwingine anauvamia, mpaka ule mstari ubaki na mifupa yake. Kusoma na mtu anayekubali kila kitu, Nison alizoea kusema, ni kama kunoa wembe kwenye siagi.

Walikuwa na kitabu kimoja tu. Enzi zile serikali ilipokuwa inapekua nyumba ikitafuta vitabu vya dini, Hizkiyo alikipasua katikati kwa kisu chake cha kukatia ngozi, ili nusu moja ikikamatwa nyingine ipone. Nison akachukua nusu yenye sheria za sala, sikukuu na toba. Hizkiyo akachukua yenye sheria za ndoa na mali. Enzi zile zikapita, lakini kitabu hakikuunganishwa tena. Wakazoea hivyo, kila alasiri Hizkiyo akienda kinyozini na nusu yake kwapani. Walisoma kati ya mteja na mteja. Ukifungua kurasa zile ungekuta nywele ndani yake, nyeusi za miaka ya nyuma na nyeupe za miaka ya karibuni.

Siku moja ya zamani walikuwa wamefika kwenye sheria ya msamaha. Nison alisoma, wembe mkononi, mteja amepakwa povu mpaka masikioni.

"Aliyemkosea mwenzake, toba yake kwa Mungu haitoshi mpaka amwendee mwenzake. Amwendee mara tatu, kila mara na watu watatu. Akikataliwa mara ya tatu, basi, amefunguliwa. Dhambi imehamia kwa aliyekataa."

"Isipokuwa?" Hizkiyo akauliza, kwa kuwa alijua.

"Isipokuwa aliyekosewa awe ni mwalimu wake. Kwa mwalimu ataenda hata mara elfu."

"Na sisi je? Aliyejifunza kwa mwenzake hata herufi moja, si lazima amheshimu kama mwalimu? Wewe ukinikosea, utakuja mara tatu au mara elfu?"

"Wewe umenifundisha nini, Hizkiyo? Kupaka gundi?"

"Nimekufundisha kunyamaza, lakini hukufaulu."

Mteja akacheka, povu likamwingia mdomoni. Hoja ile ikaachwa hapo, na kesho yake wakasonga mbele. Kulikuwa na muda, walidhani. Wakati huo walikuwa na miaka thelathini na kitu.

Ugomvi uliletwa na posa. Hizkiyo alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Bulor, wa miaka ishirini na mbili, na mwanzo wa masika ile, familia moja ya Samarkand ilipeleka salamu. Baba wa kijana, mtu mmoja mnene aitwaye Pinhas, akaja Bukhara mwenyewe kuutazama mlango wa binti, kama afanyavyo mwenye akili. Kabla ya kwenda kunywa chai kwa Hizkiyo akapita kinyozini kupunguza ndevu. Akauliza. Anayeozesha huuliza, na kinyozi huulizwa.

"Binti ana afya?"

Palikuwa na watu watatu kwenye benchi wakisubiri zamu.

Nison akasema, "Alikuwa akianguka kifafa. Mpaka alipofika miaka tisa. Tangu hapo sijasikia."

Alijua, maana mara mbili alikuwa amembeba yeye mwenyewe mgongoni kumpeleka kwa daktari, Hizkiyo akikimbia nyuma na viatu vya mtoto mkononi.

Pinhas hakunywa chai. Alirudi Samarkand na ndevu zake nzuri. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari, na waliokuwa wamesahau kifafa cha Bulor walikumbushwa, na wasiowahi kukijua wakakijua vizuri kuliko daktari. Kiangazi Bulor akaondoka na shangazi yake kwenda Israeli. Hakuagana na mtu mtaani, baba yake alidhani.

Vuli ikaingia, zikaja siku zile kumi ambazo kila mmoja huenda kwa aliyemkosea kabla ya Siku ya Upatanisho. Nison akaja mara ya kwanza. Alikuja kama sheria inavyotaka, na watu watatu nyuma yake, Amnun akiwa mmojawapo. Hizkiyo alikuwa anapigilia soli.

"Hizkiyo, ndugu yangu," Nison akasema. "Nilikuaibisha mbele za watu. Nilisema mahali pasipofaa. Nisamehe."

"Mahali?"

"Mahali. Ningemwita nje. Ningemwambia njoo kesho."

"Na maneno yenyewe?"

Kama Nison angedanganya hapo, mambo yangekwisha na wangekunywa chai. Lakini miaka arobaini walikuwa wamefundishana kutodanganyana mbele ya sheria.

"Maneno yalikuwa kweli, na niliulizwa na baba anayeozesha. Huruhusiwi kumficha. Tulisoma wewe na mimi, Hizkiyo. Iko kwenye nusu yako."

"Nimefunga duka," Hizkiyo akasema, nyundo ingali mkononi.

Mara ya pili alikuja baada ya siku tatu, na watu watatu, na maneno yale yale. Hizkiyo akageukia ukuta na kusubiri mpaka hatua zao zikaisha ngazini.

Mara ya tatu ilikuwa mkesha wa Siku yenyewe, mchana. Amnun alifika wa mwisho, anahema.

"Sikiliza, fundi," akasema. "Hizi ngazi zako nimezipanda mara tatu, na goti langu ni bovu tangu jeshini. Msamehe, hata kama ni kwa ajili ya goti."

"Goti lako nimelisamehe."

"Na mwenye mdomo?"

Hizkiyo akachagua msumari mwingine. Nison alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Akasema maneno yake kwa mara ya tatu, polepole, neno kwa neno, kama anayesoma. Kisha akangoja. Kisha akawatazama mashahidi wake watatu, akatikisa kichwa, wakashuka.

Wengi walidhani Hizkiyo amekataa kabisa. Sivyo. Yeye alikuwa na hesabu yake kichwani, na hesabu yenyewe ilikuwa hii: mara tatu ni haki ya kila mtu, hata muuza tikiti maji angeendewa mara tatu. Ya nne ni ya mwalimu peke yake. Nison akija mara ya nne, atakuwa amejibu ile hoja ya zamani, atakuwa amesema mbele ya mashahidi kwamba Hizkiyo fundi viatu ni mwalimu wake. Na hapo Hizkiyo atamsamehe kabla hajafungua mdomo. Hata bakuli mbili za chai alizitoa mchana ule, akazisuuza, akaziweka juu ya meza ya kazi, karibu na gundi.

Jua likashuka. Nison hakuja. Hizkiyo akavaa viatu vya kitambaa, kwa kuwa siku ile ngozi haivaliwi, akaenda kusimama kwenye ukuta wake. Amnun akanyosha kidole kutoka mtu hadi mtu. Milele akaingia akiwa wa mwisho, akaenda kwenye ukuta wake.

"Basi ndivyo," Hizkiyo akajiambia. "Miaka arobaini, na mimi ni muuza tikiti maji."

Baridi ikaingia mapema. Wiki ya pili ya Januari, Zulai mke wa Nison alikwenda kinyozini kumwita mumewe ale, akamkuta kwenye kiti cha wateja, taulo begani, amekufa.

Mazikoni walikuwa watu wengi kuliko mtaa ulivyozoea. Watoto wa Nison walifika kutoka Tashkent, na ndugu kutoka Samarkand, wanaume zaidi ya ishirini kwa jicho. Hizkiyo alisimama nyuma yao, na alijua analopaswa kufanya. Aliyekataa mara tatu ndiye mwenye dhambi sasa. Na mwenye kumkosea marehemu kuna njia yake: anakwenda na wanaume kumi kaburini, anasimama bila viatu, anataja kosa lake, nao kumi wanamjibu mara tatu kwamba amesamehewa. Kumi walikuwepo, na zaidi ya kumi. Lakini palikuwa na wana wa Nison pale, na yule mkubwa alimtazama Hizkiyo kama mtu anavyotazama mbwa aliyeingia jikoni. Hizkiyo akaona haya. Nitafanya baada ya matanga, akasema moyoni.

Matanga yao ni siku saba. Siku ya nane alikwenda kwa Zulai. Wageni walishaondoka, nyumba ilikuwa imejaa masanduku. Zulai alikuwa anafunga masufuria kwa magazeti.

"Karibu, shemeji," akasema, bila kumtazama. "Umekuja kumsalimia Nison? Umechelewa kidogo."

"Unahama, shemeji?"

"Watoto wanasema nitakaa na nani. Tunakwenda Israeli, mimi na mkubwa na mkewe. Kaa. Si hapo, hapo kuna sahani."

Akakaa. Juu ya rundo la nguo aliiona nusu ya kitabu, ile ya Nison, kamba ya viatu ikiwa imewekwa kama alama. Ilikuwa kamba aliyoitengeneza yeye.

"Naweza kuitazama?"

"Itazame. Kila jioni alikuwa nayo, tangu ile Siku ya Upatanisho. Alipokufa ilikuwa mapajani pake."

Alipofungua, ukurasa ulikuwa ule ule. Sheria ya msamaha, mara tatu, isipokuwa mwalimu. Pembezoni ukurasa ulikuwa umechakaa kwa vidole mpaka umekuwa laini kama kitambaa.

"Alikuwa anatafuta nini?" Hizkiyo akauliza, ingawa alikuwa ameshajua.

Zulai akaweka sufuria chini.

"Nilimwambia, mwanamume, nenda kwa mwenzako, acha hilo likaratasi. Akasema siwezi kwenda hivi hivi. Kama Hizkiyo ni mwalimu wangu, nina wajibu wa kwenda, na nitakwenda hata mara elfu. Kama si mwalimu, nikienda atanikataa mara ya nne, na kila akinikataa anajiongezea dhambi. Sitaki kumwongezea. Lazima nijue kwanza. Ndivyo alivyosema. Miezi mitatu anatafuta. Aliandika barua kwa rabi wa Tashkent, rabi hajajibu mpaka leo."

Hizkiyo alikuwa ameshika kamba ya viatu.

"Wanaume wawili wazima," Zulai akasema. Sauti haikupanda, ingekuwa afadhali ingepanda. "Kati ya mlango wake na wako kuna milango miwili. Na kila mmoja amejifungia anatafuta kitabuni ruhusa ya kubisha hodi."

"Shemeji, nipe hii nusu. Ninayo nyingine."

"Mwanangu anaitaka. Kumbukumbu ya baba."

"Anajua kuisoma?"

"Hajui. Lakini yeye hakumfungia baba yake mlango."

Hizkiyo akairudisha juu ya nguo, akaangalia kamba imekaa mahali pake, akatoka.

Jioni ile akampigia simu Bulor, kutoka posta, kibanda namba mbili. Akamweleza. Bulor akalia, maana Nison alikuwa amemfundisha kuendesha baiskeli.

"Alikuja kuniaga," Bulor akasema.

"Nani?"

"Mzee Nison. Kabla sijasafiri, ulipokwenda kununua ngozi. Akaniambia mwenye haki ya kwanza ya kuombwa radhi ni mimi, wewe ni wa pili. Akaniomba mara moja, nikamwambia yamekwisha. Alisema kweli, baba. Na yule kijana wa Samarkand sikumtaka, alikuwa anacheka kama mbuzi."

Hizkiyo akaegemea kioo cha kibanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa umekasirika kwa niaba yangu, na ulionekana unafaidi kidogo. Nikakuachia."

Dakika zikaisha, simu ikakatika.

Asubuhi yake Hizkiyo alikuwa wa kwanza sinagogi. Akamngoja Amnun afungue, akamwambia shida yake yote, bila kujipunguzia. Amnun akasikiliza huku akipuliza makaa ya jiko.

"Nahitaji watu kumi kaburini," Hizkiyo akamaliza. "Leo, kama inawezekana."

"Kumi," Amnun akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nahitaji kumi hapa, kila asubuhi. Fundi, wa kumi tulimzika wiki iliyopita. Ulikuwepo. Ulisimama nyuma."

Ndugu wa Samarkand walikuwa wamesharudi Samarkand, na wana wa Nison walikuwa wamepanda gari la alfajiri kwenda Tashkent kushughulikia karatasi za safari. Amnun alipiga simu huku na huku siku mbili nzima, tusimnyime haki yake. Mmoja alisema ana mafua. Mwingine alisema atakuja majira ya kuchipua majani. Wa tatu alisema yeye na Hizkiyo hawana uhusiano, na hakukosea.

Siku ya tatu wakaenda hivyo hivyo walivyo, baada ya chakula cha mchana. Hizkiyo ndiye aliyeng'ang'ania, na wale wanane wakamfuata, kwa huruma au kwa kukosa kazi. Makaburini theluji ilifika vifundoni, na udongo wa Nison ulikuwa bado umevimba, haujashuka.

Hizkiyo akavua viatu. Vilikuwa viatu vizuri, amevishona mwenyewe. Akavua na soksi, akasimama.

"Nimemkosea Mungu wa Israeli," akasema, "na nimemkosea Nison huyu. Alikuja kwangu mara tatu na mashahidi, nikamkatalia mara tatu. Nilitaka aje mara ya nne, ili aniite mwalimu mbele ya watu. Nilifanya aibu ya binti yangu kuwa ngazi yangu ya kupandia. Nisamehe."

Akamaliza. Hapo ndipo watu hujibu. Neno ni moja tu, umesamehewa, umesamehewa, umesamehewa, hata mtoto angelitamka. Wale saba wengine wakamtazama Amnun.

Amnun akainua kidole. Akaanza na mzee aliyekuwa kushoto kabisa, neno la kwanza. Akapita mtu kwa mtu, taratibu, kama vile ukienda taratibu watazidi. Akajinyoshea mwenyewe. Akamfikia Hizkiyo, neno la tisa, ambalo ni hata, la kabla ya milele. Kidole kikabaki hewani, hakina pa kwenda, kikateremka kidogo kuelekea udongo, kisha Amnun akakirudisha ndani ya glavu.

"Siwezi, Hizkiyo."

"Najua."

"Ingekuwa ni mimi peke yangu..."

"Najua, Amnun. Na ungejibu na tisa ningekukatalia. Isingekuwa kitu."

"Ungenikatalia," Amnun akakubali. "Hilo nakuamini."

Hizkiyo akakaa juu ya jiwe la kaburi la jirani, akaanza kuvaa soksi. Miguu ilikuwa imefanya wekundu na haikutaka kuingia. Mmoja wa wale wanane akatoa skafu yake, akampa ajifutie.

"Hoja yenu ile," Amnun akauliza, akimshikia kiatu. "Mwenzi wa kusoma ni mwalimu, au si mwalimu? Mwishowe mliamuaje?"

"Hatukuamua."

"Si ukatazame kitabuni?"

"Iko kwenye nusu yake," Hizkiyo akasema. "Imefungwa na masufuria."

Akafunga kamba, akasimama, akajaribu uzito. Wakatoka makaburini mmoja mmoja kwa kupitia nyayo walizojia. Jua lilikuwa limeanza kugusa kuta na wakati wa sala ya jioni ulikuwa umefika, lakini hakuna aliyeharakisha mwendo. Watu tisa hawana cha kuwahi.